Mwaka Nilioifundisha Mashine Kucheza Ikibuguzo

Dismas hakupiga hodi. Mwezi uliopita aliingia dukani kwangu pale mjini, mvi zimempanda mpaka kwenye nyusi, akapita katikati ya vijana wangu wenye digrii zao kama mtu anayeingia jikoni kwa mama yake, akasimama mbele ya meza yangu na kuniambia kiti nilichokalia hakinifai, kinanifanya nifanane na waziri. Tulikuwa hatujaonana tangu alipohamia nchi za baridi. Vijana waliacha kazi wakatuangalia, maana hawajawahi kuona mtu akinisemesha vile. Nikawaambia huyu ni mtu niliyemfundisha mimi ordinateri. Dismas akawaambia huyu ni mtu niliyemfundisha mimi kusoma maandishi ya hiyo ordinateri. Wakacheka, wakadhani ni utani. Haukuwa utani, yalikuwa madai mawili, na kila mmoja wetu anayo haki ya nusu. Kwa kuwa yeye amesharudi kwao na kalamu iko mkononi mwangu, nitayaandika kama nilivyoyaona mimi.

Ya baba na mama sitayaandika hapa, na ya shule ni mafupi: darasa la nne, kisha barabara. Wanaonijua wanajua. Nyumba ya ghorofa pale Kinanira, Bujumbura, ile yenye mlango wa chuma wa buluu, ni ya Shabani wa Buyenzi, ndiye mimi, na hakuna mtu aliyenishika mkono kuijenga. Lakini mtu akiniuliza ni mwaka gani nilikuwa tajiri kweli, sitataja mwaka wa ghorofa. Nitataja mwaka ule wa 2003, vita bado iko milimani juu yetu, milio tunaihesabu kama watu wengine wanavyohesabu radi, na mimi nina chumba kimoja tu, si changu, katika nyumba ya Mama Hadija.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, sakafu ya simenti iliyopasuka, na nyuma yake pazia la kitenge. Nyuma ya pazia ndipo lilipokuwa jiko la Mama Hadija, kwa hiyo barua zote nilizowaandikia watu mwaka ule, za kuomba kazi, za kuposa, za kulalamikia jirani, zilinuka kitunguu na mukeke, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga. Nilikuwa na mashine mbili, kompyuta, sisi tunaziita ordinateri. Nilizijenga mwenyewe, kutoka kwenye mizoga ya mashine ambazo ofisi za wafadhili zilizitupa, na vipande vingine nilivifuata Gatumba, mpakani, kwa Wakongo wanaouza kila kitu juu ya turubai. Injinia aliyesoma angeomba vitabu. Mimi niliomba bisibisi. Mashine moja niliiweka karibu na mlango, ilikuwa na kioo kidogo cha kijivu. Ya pili, ukutani, ilikuwa na kioo kikubwa chenye rangi kali, fahari ya Buyenzi nzima.

Dismas alikuja siku moja kuandikiwa barua, akakaa mwaka. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anakaa mtaa wa Nyakabiga, na masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya migomo na ya vita. Aliitazama ile mashine ya kioo kidogo, akasema inakufa kwa uzito wa Windows, akatoa mfukoni sidii iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Ilikuwa Linux, programu ya kuendeshea mashine badala ya Windows. Akaniambia ni ya bure, na si bure ya kuokota tu, bali mapishi yake yameandikwa wazi, kila mtu anaweza kuyasoma, kuyabadilisha, na kumpa mwingine. Mimi nikaelewa hapo hapo, pengine kumshinda yeye. Ni sufuria ya msibani: imewekwa nje, anayepita anaonja, anayeona chumvi imepungua anatia, na hakuna anayesema sufuria ni yangu. Tukaitia kwenye mashine ya mlangoni, ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ile ya kioo kikubwa ilikataa kuvaa Linux, kioo kilibaki cheusi kila tulipojaribu, kwa hiyo tukaiacha na Windows yake. Hivyo ndivyo tulivyojikuta na ndoa ya mitara ndani ya chumba kimoja, wake wawili wasiosikilizana.

Sasa, kuelekea Ramadhani, nilisikia mazungumzo nyuma ya pazia. Mama Hadija alikuwa na mpwa wake, Rajabu, aliyekuwa analeta mchele kutoka bonde la Imbo na kuutafutia pa kuulaza. Rajabu alikuwa anamwambia shangazi yake kwamba chumba cha mbele kinaliwa na vijana wawili wanaobonyeza vitufe na kucheka. Mama Hadija alikuwa anakaanga, mafuta yanalia, sikusikia yote aliyojibu. Nilisikia mwisho tu: "Barua hata kule posta wanaandika. Nawangoja mpaka Idi."

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilipita pazia, nikamwambia siku ya Idi, mbele ya mtaa wote, mashine yangu itacheza ikibuguzo na Fundi Sefu, na itamshinda. Na si mashine moja, nikasema, mashine yoyote, iwe ya Windows, iwe ya Linux, iwe ya Mzungu gani. Rajabu alicheka mpaka akakohoa. Fundi Sefu alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na kwa ikibuguzo, ule mchezo wetu wa mbao yenye mashimo thelathini na mawili na mbegu, hakuwa na mpinzani kutoka kwetu mpaka sokoni. Mama Hadija akafuta mikono kwenye kitenge, akasema vizuri: ikicheza na Sefu mpaka mwisho bila wizi na bila kuzimika, tunabaki chumbani. Isipocheza, Idi hiyo hiyo jioni mchele unaingia.

Nilipomwambia Dismas alikaa chini. Akaniuliza kama najua kuna kazi gani kati ya kusema na kutenda. Nikamwambia kusema nimeshamaliza, imebaki sehemu yake. Lakini siku mbili baadaye alirudi kutoka saiba ya mjini, duka la intaneti, ana furaha ya mtu aliyeokota pochi. Alikuwa amepata mchezo wa mbegu na mashimo, ulioandikwa na mtu wa nchi za kaskazini ambaye hajawahi kuiona Afrika, na mapishi yake yalikuwa wazi. Ulikuwa wa safu mbili, si nne kama wetu, na sheria zake za kitoto. Kazi ikawa kuufundisha adabu ya Burundi.

Nikikumbuka mwezi ule nasikia njaa nzuri. Mimi nafunga, Dismas Mkatoliki hafungi, lakini alikuwa anaona haya kula mbele yangu, kwa hiyo alifunga bila kupenda na kwa manung'uniko. Aliandika kwenye mashine ya mlangoni, ile ya Linux, maana huko ndiko alikozoea. Halafu tulihamisha kwa disketi mpaka kwenye mashine ya ukutani, maana siku ya Idi hakuna mtu angekubali kutazama kioo kidogo cha kijivu. Siku za kwanza zilikuwa vichekesho. Maandishi yaliyokaa sawa upande wa Linux yalifika upande wa Windows yamejikunja kuwa mstari mmoja mrefu kama siafu, kwa sababu mashine hizi hazikubaliani hata namna ya kumaliza mstari. Njia za mafaili zilikuwa na mkwaju, kile kistari cha mshazari, uliolala huku upande mmoja, kule upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa naona tofauti kwanza, kwa sababu nilikuwa sisomi, natazama. Dismas alikuwa anatengeneza, ananuna, anatengeneza. Jua likizama Mama Hadija alipitisha sinia chini ya pazia: tende, uji wenye pilipili manga, sambusa, na kwa Dismas kipande cha samaki kikubwa kuliko changu, kwa sababu, alisema, mwana wa Nyakabiga amefunga bila thawabu, angalau apate samaki. Kisha Dismas alikuwa anakimbia kurudi kwao kabla njia hazijafungwa, na mimi nabaki nasikiliza mpaka nihakikishe upande wake kumetulia.

Shida ya kweli ilianza tulipofika kwenye sheria ya kula. Kwetu huli mbegu za mwenzako mpaka mashimo yake yote mawili yanayokukabili, la mbele na la nyuma, yawe na kitu. Mchezo wa yule mtu wa kaskazini ulikuwa unakula ovyo. Dismas alirekebisha. Kwenye Linux mashine ikawa na adabu, tukacheza mara nyingi, haikuiba hata mbegu. Tukapeleka kwa disketi ukutani, tukaamuru ipikwe upya kule, yaani mapishi yageuzwe kuwa mchezo unaochezeka, tukacheza: ikaiba. Akarekebisha tena, akapeleka, ikaiba. Kesho yake asubuhi, marekebisho yale yale, ikatii. Tukashukuru Mungu, kila mtu wake. Adhuhuri akabadilisha kitu kingine kidogo, akapeleka, na lile badiliko halikuonekana kabisa, kama vile hakuandika kitu. Ikawa hivyo siku baada ya siku: tunachotengeneza asubuhi kwanza kinaingia, tunachotengeneza baadaye kinapotea njiani, kati ya meza mbili ambazo ukinyoosha mikono unazigusa zote.

Fundi Sefu alikuwa anavuka barabara kila siku, futi ya kupimia shingoni, kuja kumtazama mpinzani wake. Siku moja alicheza asubuhi akaridhika, akarudi mchana baada ya Dismas kuongeza vitu, akaibiwa. Akainuka taratibu, akatangazia wanawake waliokuwa wananunua makaa mlangoni kwamba mashine ya Shabani iko kobe. Kobe ndiye yule anayefunga mbele za watu na kula mchana kwa siri.

"Mi nafunga mwezi muzima," alisema. "Hii inafunga asubuhi tu. Ikifika saa sita inaingia nyuma ya pazia."

Wanawake walicheka mpaka makaa yakamwagika, na jina la Kobe likashika. Rajabu akaja kupima ukuta wa chumba kwa hatua zake, bila hata kuniomba ruhusa, anaona magunia yatakaa vipi. Watu wakaleta ushauri. Mmoja akasema ni jini. Mwingine akasema mashine ile ilitoka ofisi ya wafadhili, imezoea kuacha kazi saa sita.

Dismas akafanya kitu ambacho mimi nisingefanya, akaomba msaada. Alimwandikia yule mtu wa kaskazini kupitia saiba. Nilimwambia mtu hatujui, hatuna undugu, atajibu kwa nini. Akajibu. Alijibu siku iliyofuata, kwa adabu kabisa, kama jirani. Alieleza kwamba upande wa Windows kuna programu ndogo ambayo ni kama mpishi. Ukileta mapishi, mpishi anatazama saa: mapishi yakiwa mapya kuliko chakula kilichopo sufuriani, anapika upya. Chakula kikiwa kipya kuliko mapishi, anasema kimeshaiva, na hagusi kitu. Akauliza swali moja tu: saa za mashine zenu mbili, zinakubaliana?

Tulirudi chumbani tukatazama. Mashine ya mlangoni ilisema nane na robo. Ya ukutani ilisema kumi na nne na robo. Tukatazamana. Zinakubaliana, hata dakika. Dismas alisikitika, alikuwa na matumaini na swali lile.

Hapo nataka msomaji asitucheke haraka. Mtu wa Bujumbura anaishi na saa mbili tangu anazaliwa. Ofisini ni ya Kifaransa, nyumbani ni yetu, inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Mashine ya mlangoni mimi ndiye niliyeipa saa yetu, kwa sababu kioo chake kilitazama barabara na wanawake wa mtaa walikuwa wanapita kuchungulia saa ya kuweka sufuria motoni. Mama Hadija alishawahi kuniambia ordinateri inayosema kumi na nne mchana haina akili. Nikaipa akili. Ile ya ukutani ilibaki na saa ya ofisini ilikotoka. Jicho letu liliona nane huku na kumi na nne kule, na likaona saa ile ile, kama vile ukimwona mtu amevaa kanzu asubuhi na suruali jioni huwezi kudhani ni watu wawili.

Kesho yake tulikwenda saiba kumjibu yule mtu. Dismas alikuwa anaandika Kifaransa huku anasoma kwa sauti, kwamba tumetazama, saa zinakubaliana kabisa, moja inaonyesha saa nane na robo na nyingine inaonyesha saa kumi na nne na robo. Akaandika mpaka nukta. Vidole vikasimama. Akasoma tena, polepole zaidi. Nikamuuliza kuna nini.

"Shabani," alisema, "hizi si saa moja."

"Ni ile ile, ndugu yangu."

"Ni ile ile kwetu. Mashine haikuzaliwa Buyenzi."

Nilichelewa kidogo kuelewa, sikatai, halafu ikaniingia yote kwa pamoja. Dismas anaandika saa nane, mapishi yanapigwa mhuri wa nane. Yanafika ukutani, mpishi anatazama sufuria, sufuria ilipikwa asubuhi saa tisa za Kifaransa. Anasema nyie mnaniletea karatasi ya kabla sijapika, kaeni kimya, kimeshaiva. Kipande kipya kabisa, kisicho na sufuria bado, anakipika na kukichanganya na vya zamani, ndiyo maana Fundi Sefu aliibiwa mchana. Asubuhi ya kwanza anakubali kwa sababu siku yenyewe ni mpya. Hakukuwa na jini wala kobe. Kulikuwa na mpishi wa Kizungu anayesoma saa ya Waswahili. Tulicheka pale saiba mpaka mwenyewe akaja kutuomba tutoke, Dismas machozi yanamtoka, akajaribu kumweleza yule mwenye saiba, na yule Mrundi mwenzetu akatazama namba mbili alizoandikiwa kwenye karatasi, akauliza: sasa kosa liko wapi?

Dismas alitaka kurudisha mashine ya mlangoni kwenye saa ya Kifaransa. Nilikataa. Mtaa mzima ulikuwa unapika futari kwa kuitazama saa ile, nisingeweza kuulaza mtaa na njaa kwa ajili ya programu. Niliamua, na uamuzi ule nausimamia mpaka leo, kwamba mashine zote mbili zikae Buyenzi. Tukaipa ya ukutani saa yetu. Dismas, kwa kuwa alisoma, hakutosheka na hilo. Alisema kesho mchezo utafika kwenye mashine ya mtu mwingine, na saa yake hatuijui. Akaongeza kwenye mapishi amri kwamba yakifika kutoka mashine ngeni, mpishi aoshe sufuria zote na kupika kila kitu upya, asiulize saa. Akamtumia yule mtu wa kaskazini, pamoja na safu zetu nne na sheria yetu ya kula. Yule mtu akavitia kwenye sufuria ya wote. Mwezi uliopita, mezani kwangu, Dismas alinionyesha kwenye simu kwamba mchezo bado uko, watu wa nchi nisizoweza kuzitamka wameongeza rangi na sauti, na ile amri ya kuosha sufuria iko pale pale. Vijana wangu wenye digrii walisogea kusoma. Niliwaacha wasome. Mtu anayejisifu anajua pia wakati wa kunyamaza.

Siku ya Idi, baada ya sala, barabara ilikuwa nyeupe kwa kanzu. Tuliigeuza mashine ya kioo kikubwa ikatazama nje, mlango wazi, watu mpaka ng'ambo. Sinia za pilau zilikuwa zinapita juu ya vichwa. Dismas alivaa shati lake la kanisani, Mama Hadija akampa kofia ya marehemu mumewe, akaivaa upande. Rajabu alikuja na mkokoteni. Haukuwa mtupu, magunia yalikuwa tayari juu, na wasukumaji wawili wamekaa juu ya magunia wanakula pilau ya shangazi yake.

Fundi Sefu alikataa kugusa vitufe. Alikuwa anataja shimo, mimi nabonyeza. Alianza kwa dharau, halafu akasogeza kiti mbele. Katikati ya mchezo ikafika ile hali tuliyokuwa tunaiogopa: shimo lake la mbele limejaa, la nyuma tupu, mbegu zimekaa kama mali isiyo na mlinzi. Zamu ni ya mashine. Dismas alinishika bega, akaniumiza. Mashine ikafikiri, maana zile mashine za zamani zilikuwa zinafikiri kweli, unasikia zinasaga ndani. Ikapanda mbegu zake kwingine, ikapita. Haikugusa.

Fundi Sefu aliinama karibu na kioo.

"Kumbe imesilimu," alisema.

Kicheko kile nadhani walikisikia hata wale wa milimani. Na mchezo uliendelea mpaka mwisho, na mwishoni Fundi Sefu alishinda, kwa mbegu chache. Wapo wanaosema mashine yangu ilishindwa. Mimi nasema iliheshimu wakubwa siku ya Idi. Lakini pale pale, kabla kelele hazijapoa, Rajabu alikuwa ameshashuka, anawaambia wasukumaji wafungue kamba, maana Shabani alisema itashinda, haikushinda, na neno ni neno. Dismas akaanza kusema kwamba masharti yalikuwa kucheza bila wizi, si kushinda. Rajabu akasema Mkatoliki asimfundishe maneno ya shangazi yake. Wakageuka wote wawili kumtafuta shangazi aamue.

Hakuwa nyuma ya pazia. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichotoka Fundi Sefu, miguu imefungwa vizuri ndani ya kitenge kipya, na hakusubiri mimi nimbonyezee. Alikuwa ametazama muda wote ule kidole changu kinakwenda wapi, na sasa kidole chake mwenyewe, kimoja, kilikuwa kinabonyeza. Sikuwahi kujua kwamba Mama Hadija anajua ikibuguzo. Wanawake hawakuwa wanakaa kwenye mbao ile, si mbele ya wanaume, si Buyenzi. Lakini hii haikuwa mbao, na hakuna mwanaume aliyekuwa amewahi kuitungia sheria. Fundi Sefu alisimama nyuma yake akataka kumwelekeza shimo, akanyamazishwa kwa mkono. Wanawake wenzake walikuwa wameshaanza kusogea, mmoja anauliza nani anafuata.

Rajabu alisema, kwa heshima safari hii, kwamba mchele uko mlangoni, shangazi, mvua inakuja, waingize wapi.

Mama Hadija alikula mbegu za mashine, mashimo mawili kwa pamoja, kihalali. Hakugeuka.

"Apana hapa," alisema. "Hapa niko na kazi."

Na kidole chake kikarudi kwenye vitufe.